Shilingi Iliyokataa Kulia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Dokta Prudencia mwenye chumba hiki cha sarafu tunachokifungua leo, ndugu wageni waalikwa, na nyie wanangu mliojificha nyuma mkiogopa nitakayosema: walionizidi umri shikamooni, kama mpo, wengine wote, marahaba.

Mimi ni Kashindye wa Mkolani. Shule sikuingia. Nimeitwa kwa sababu ya shilingi hii, niliyokaa nayo tangu usichana.

Aliileta Chenge, siku ya kuniposa. Alikuwa mpishi wa mzungu wa serikali aliyeshughulikia mambo ya sarafu, na mzungu huyo alipoondoka nchini alimwachia shilingi hii kama kumbukumbu. Kwetu binti alivaa shingoni shilingi ya zamani yenye madini ya fedha, na kabla haijatobolewa, mjomba aliidondosha juu ya jiwe, wote wasikie inavyolia. Mjomba Machibya akaidondosha. Ikasema ko, kama kizibo cha soda. Akarudia. Ko.

“Kijana,” akasema, “umetuletea bandia. Nawe ni bandia.”

Mnajua aibu inavyomtembeza mtu? Chenge hakugombana. Aliniachia hiyo, akasema anakwenda kutafuta inayolia, akapanda meli ya Bukoba. Kila meli iliporudi niliteremka bandarini, mpaka wapagazi wakawa wananitania, bibi harusi, leo pia hayupo. Baadaye nikaolewa na baba wa hawa. Alikuwa mtu mwema, nilimpenda, nimemzika kwa heshima, na msinitolee macho. Kumpenda huyu hakukunisahaulisha yule.

Mwaka jana Dokta akaipima kwa mashine yake. Akaniambia si bandia: fedha ilipokuwa ghali, wakoloni walipiga chapa sarafu chache za kujaribia, zenye shaba na nikeli, waone kama zitafaa. Hii ni mojawapo. Basi jiwe halikukosea, fedha haimo. Lakini nani alilituma jiwe limpime mtu?

Prudencia mwanangu, unataka kuandika chini yake mwaka na madini. Andika. Ila anza na jina la Chenge, mpishi, useme alicholeta kilikuwa halali. Labda huko Bukoba yuko mjukuu anayeambiwa babu yake alikuwa tapeli. Akipita hapa asome, kisha mleteni kwangu, nimsikie anavyoongea, kama ameichukua ile sauti ya polepole ya Chenge.

Asanteni kwa masikio yenu. Mheshimiwa, kata utepe. Ila shilingi niachieni mkononi mpaka tumalize kula.