Shamba la Msimu

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, ubavuni mwa ukuta wa hospitali, na mguu wake mmoja ni tofali. Anayekalia upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana, ataangusha kijiwe kizima. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Jenereta. Jina alilipata kwa sababu ameendesha jenereta la hospitali mpaka mvi zikamkuta humo humo, na kwa sababu yeye akianza kuongea, mwingine hasikiki. Amestaafu juzi juzi. Nyumba ya kazini anatakiwa kuikabidhi wiki hii, na wote tunajua anahamia shambani, akae chini ya turubai mpaka nyumba isimame, maana tangu kiangazi ametuimbia udongo wake: mweusi, laini, hauna hata jiwe la kumrushia mbwa. Leo kahawa imempoa mkononi, na mtambo hauwaki.

Kinyozi akamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba Jumamosi alikwenda kuchimba msingi.

— Sikuliona.

— Hukuliona nini, kaka?

— Shamba. Kuna maji. Jamaa mmoja ana mtumbwi, akaniuliza kama navuka. Nimevushwa juu ya shamba langu mwenyewe, na nauli nikatoa.

Tulicheka. Mimi wa kwanza, Mungu anisamehe. Kisha tukamtoa maneno kidogo kidogo. Siku ya kununua alimuuliza mzee muuzaji, hapa panalimwa nini? Mzee wa watu hakumdanganya hata kidogo. Alimwambia, “Bwana, hili ni shamba la msimu.” Jenereta akaitikia kwa kichwa kama mkulima wa ukoo. Akilini mwake akaona mahindi msimu huu, maharage msimu ule. Kumbe mzee alimaanisha shamba lenyewe ndilo la msimu: kiangazi lipo, masika halipo, mto umerudi kwake.

— Si ungemuuliza msimu wa nini, nikasema.

— Na mvi zote hizi? Nimuulize mtu maana ya msimu?

Hapo Wakili akasafisha koo. Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya kuku, na kuku nusura afungwe. Hoja yake ilikuwa kwamba hati imeandika ardhi, haikuandika maji. Kwa hiyo mto ni mvamizi, na mvamizi hushtakiwa.

— Samansi utaupelekea vipi? akauliza Kinyozi.

— Inabandikwa kwenye mti wa pale pale.

— Mti umefunikwa na maji.

— Basi mto umeshaisoma.

Kinyozi akasema mambo ya mahakama tuyaache, afuge samaki. Samaki hawataki palizi. Akaongeza kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Wakili akapinga: samaki wa mtoni wana kwao, ila aliyelala kwako hata usiku mmoja ni mpangaji, atozwe kodi. Nami, nisije nikaachwa nyuma, nikashauri nyumba ijengwe juu ya mapipa. Masika inaelea, kiangazi inatua, na mkinuniana na mama unakata kamba. Nikafunga kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo, sasa lake lisipokuwepo, yeye atakuwepoje?

Nikasubiri kicheko chake.

— Mke wangu ameshona mapazia, akasema Jenereta. Ya madirisha niliyomchorea.

Kinyozi akauliza kwa sauti ya chini:

— Shemeji umemwambia?

— Nilirudi Jumamosi nina tope mpaka magotini. Akafurahi. Akasema, leo mume wangu umelima. Akanichemshia maji ya kuoga.

Kinyozi akanong'ona kwamba mficha uchi hazai. Ndiyo methali pekee iliyotua mahali pake asubuhi ile, na ndiyo pekee iliyotuudhi. Wakili alianza kusema bado kuna rufaa, akaiachia njiani.

Likaja lori dogo, likasimama mbele yetu. Nyuma limepakiwa kitanda, kabati, masufuria, turubai, na jembe jipya lenye karatasi yake bado. Mbele amekaa mke wa Jenereta, amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Akatupungia mkono. Tukampungia, tufanyeje.

Dereva hatukuwahi kumwona. Akateremka, akatusalimu kwa adabu, akauliza mzee wa jenereta ni yupi. Tukamwonyesha kwa macho.

— Mzee, mama ameona msisubiri siku ya mwisho mfukuzwe kama wezi. Kila kitu kipo ndani. Ila njia anasema unaijua wewe. Tunaelekea wapi?

Kinyozi akainamia mkasi wake. Wakili, aliyetoka kuushtaki mto sasa hivi, alitazama ndani ya kikombe kilichokwisha. Jenereta aliinuka nusu, benchi likayumba, akakaa tena juu ya tofali lake, huku mkewe akimtabasamia kupitia kioo.

Dereva akadhani muungurumo wa lori ndio uliotuzuia kusikia. Akarudi, akazima injini, akauliza tena.