Bega Langu na Chupa ya Madhabahuni

Apewe sifa aliyeliunganisha bega na shingo! Hapana, hapana, Kawangware, hiyo si amina. Kibera tukisema amina, mabati yanatikisika. Apewe sifa! Ee, sasa mmeamka.

Ndugu zangu, mimi naitwa Mama Akoth. Nauza chapati Kianda, na ndimi mshika bendera wa tawi la kanisa letu kule Kibera. Mmeniona leo asubuhi nikiingia hapa mbele ya watu wangu, bendera juu, mkono wa kulia, kwa miguu kutoka kwetu hadi kwenu. Sitajifanya mnyenyekevu. Nilipendeza! Hata kanzu hii niliipiga pasi mwenyewe, kwa mkono huu huu.

Lakini tulipopita pale kwenye jim ya kunyanyua vyuma, kijana wenu Deno, anayeuza sindano za kuponya misuli, alitoka nje akapaza sauti: "Si niliwashow! Mnaona huyo mathe? Hiyo ni dawa yangu ilimponya!" Na tangu tuketi, akina mama wameniinamia sikioni wakiuliza hiyo chupa inapatikana aje. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii. Sitaki mtu atoke hapa aende kujidunga kwa sababu ya bega langu.

Ndugu zangu, niliumia nikiwa kazini mwa Bwana. Ilikuwa msimu wa mvua, tunaandamana Soweto West, kwetu Kibera, na ngoma zetu, na mnajua zile njia zetu zikinyesha. Niliteleza. Mti wa bendera ulitaka kwenda chini, mimi nikakataa. Nikauvuta juu kwa mkono mmoja huku mwili wote unaenda upande mwingine, na hapo nikasikia kitu kimekatika ndani ya bega. Bendera haikugusa tope. Mimi niligusa, kuanzia kisigino hadi kitambaa cha kichwa.

Hospitali waliniambia kano la bega limechanika, halijakatika lote. Walinipa dawa za maumivu na kuniambia nirudi kufundishwa mazoezi. Mazoezi! Mtu hawezi kuchana nywele, hawezi kusukuma chapati, hata leso anafungwa na binti yake, halafu unamwambia mazoezi? Sikurudi.

Bendera alipewa Min Otis, mama yake Otis. Yuko hapa, anacheka, anajua nitasema. Ndugu zangu, yule mama aliishika bendera kama mwiko wa ugali! Jumapili baada ya Jumapili nilitembea nyuma kabisa, na watoto wanaochelewa, nikiitazama ikiyumba kule mbele. Nililia. Niliogopa kwamba mkono wangu hautainuka tena kumsifu Mungu, na kwamba nitazeeka nikiinua mmoja tu.

Ndipo nikasikia habari za Deno, nikaja hapa Kawangware. Alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Akanionyesha chupa ndogo kama kidole. "Mathe, hii inaitwa peptaidi. Wachezaji wa majuu ndio wanatumia. Inaambia mwili ujishone wenyewe. Mimi mwenyewe nilijidunga kwa goti." Unga wake akauchanganya na maji papo hapo. Akaniambia niiweke kwa friji, nitafute mtu wa kunidunga kidogo kidogo. Nilifurahi sana. Lakini niliona kitu, ndugu zangu, nikakinyamazia. Alipokuwa akinisindikiza, Deno alishuka ngazi za jim kwa upande upande, kama kaa.

Friji mimi sina. Na hata ningekuwa nayo, mnajua desturi yetu. Kanisani kwetu dawa haiingii mwilini kabla haijapita madhabahuni. Ya malaria, ya presha, hata ya kikohozi cha mtoto, inawekwa mbele, inaombewa. Basi chupa yangu ikawekwa juu ya kitambaa cheupe, chini ya mabati, jua la mchana likiwaka, na watu wangu wakaiombea zamu kwa zamu wiki nzima. Waliomba! Wengine walifunga kwa ajili ya bega langu.

Jumapili mchungaji akaiinua. Ile dawa iliyokuja safi kama maji ya mvua sasa ilikuwa na ukungu mweupe ndani. Kanisa likalipuka. "Upako! Upako umeingia!" Ngoma zikapigwa. Min Otis aliruka hadi kiatu kikamtoka. Na mimi nikaruka, mkono mmoja ukining'inia.

Niliibeba ile chupa moja kwa moja hadi kwa nesi wa kliniki moja karibu na mtaa wa Olympic, kwetu Kibera, anidunge. Akaielekeza kwenye mwanga. Akauliza ilikuwa imewekwa wapi. Nikamwambia kwa fahari, madhabahuni! Nikamwambia huo weupe ni upako.

Hakunicheka. Mungu ambariki, hakunicheka. Alisema, "Mama, hata mimi nimeokoka. Lakini dawa ya sindano ikiwa safi kisha ibadilike hivi, siidungi kwa mtu." Akanisomea maandishi madogo yaliyokuwa kwenye chupa: ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu. Akanieleza polepole kwamba peptaidi zenyewe si uchawi, ni vipande vidogo vya protini, na hata insulini ya watu wa kisukari ni ya jamaa hiyo. Hizo zimepimwa, zinajulikana. Lakini hizi za kushona kano, wataalamu bado wanachunguza, na ya kwangu hakuna aliyejua ni nini hasa kilichokuwa ndani. Akasema ingeniletea usaha ndani ya bega, na mtu anaweza kupoteza mkono hivyo.

Ndugu zangu! Nilikuwa nimeenda kuitia ile dawa mwilini huku nikiimba! Bwana alinishika pale mlangoni mwa kaburi la mkono wangu, akaniambia kwa sauti ya yule nesi, Mama Akoth, rudi. Chupa nikaiacha pale itupwe pamoja na sindano zilizotumika.

Sasa kazi ikawa kuwarudia watu waliofunga. Nilisimama mbele yao nikasema, ule haukuwa upako, dawa ilikuwa imeharibika. Mzee mmoja akasema nesi hana imani. Mwingine akasema mimi ndiye sina. Nikamtazama mchungaji wetu, naye akasimama. "Chupa tumeiombea vya kutosha," akasema. "Sasa tuliombee bega." Halafu akanigeukia: "Na wewe, rudi hospitali ukafundishwe hayo mazoezi."

Nikarudi. Nikafundishwa kupandisha vidole ukutani pole pole, kama buibui, na kuvuta utepe wa mpira uliofungwa mahali. Nyumbani nilishindwa kufanya peke yangu, nikilia kwa maumivu. Kwa hivyo nikafanya kanisani! Wakati wa sifa, wengine wakiinua mikono, mimi niko kwenye ukuta wa mabati napandisha vidole. Binti yangu Akoth anaweka alama ya chaki ya bluu pale nilipofika. Na unajua nani alinikatia tyubu ya baiskeli na kunishikia upande wa pili nikivuta? Min Otis! Alinivuta kama ng'ombe na akakataa nidanganye. Alama zikapanda. Kifuani. Mdomoni. Mvua ikaisha, vumbi likaja, kanisa zima likiimba kwa sauti kila nikipita alama ya zamani. Siku vidole vyangu vilipopita kichwa changu, ngoma zilipigwa kuliko siku ya ule ukungu. Na siku hiyo, ndugu zangu, kulikuwa na kitu cha kupigia ngoma!

Min Otis mwenyewe ndiye aliyenirudishia bendera. Alisema mkono wake umechoka. Muongo huyo.

Basi huu mkono mlioona leo una neema ya Mungu, akili ya nesi, na jasho langu, na ninajivunia yote matatu. Ukiwa na chupa kama ile nyumbani, usiidunge. Mpelekee daktari akuambie ni nini. Halafu mwamini Mungu hata kama njia yake ni ndefu na inauma asubuhi.

Mama Deno, wewe ndiwe mwenye ploti hii tunamosali, na umetulisha leo. Nisamehe, lakini mtoto wako nampenda kuliko ninavyoogopa kukukasirisha. Deno, nimekuona hapo mlangoni. Tulipopiga magoti kuomba, wewe pekee ulibaki umesimama, na si kiburi. Ni goti. Ulijidunga dawa yako, na bado unashuka ngazi kama kaa.

Njoo mbele, mwanangu. Hakuna atakayekucheka, nami sikuchekwa. Kesho nitakupeleka kwa yule aliyenifundisha mimi. Na Jumapili ukija kufanya mazoezi yako hapa, ukuta huu wa mabati unakutosha, na tyubu ninayo.

Min Otis, shika bendera kidogo. Nataka kumshika kijana mkono.