Shungi Jeupe la Yacine

Nianze na kosa langu kabla sijasimulia ya wenzangu. Mimi ndiye ninayenyoa watoto wachanga mtaani kwetu hapa mjini Thiès. Siku ya nane ya mjukuu wangu Yacine, siku ya kupewa jina, nilikuta juu ya paji lake shungi jeupe kama pamba, ambalo mama yake alilidhani ni utando wa uzazi. Nikasema bismillahi, nikalinyoa, nikalificha ndani ya ngumi. Niliogopa watu watasema binti yangu Sukeina amezaa na jini. Kila wiki lilipoota nilimwambia mama yake nanyoa ili nywele ziwe nzito. Miaka minne! Kisha nikaugua miezi miwili, shungi likaota, akaliona mama yake, akampeleka kwa daktari, akapimwa masikio. Kumbe mtoto tuliyemwita mkaidi alikuwa hasikii tangu kuzaliwa. Sukeina alimbeba akahamia Saint-Louis, kwenye shule ya viziwi. Huu ni mwaka wa sita hajanipigia simu.

Benchi letu lipo mbele ya kibanda changu, ubavuni mwa Mama Dior, muuza kahawa ya Touba, ile ya viungo inayokwaruza koo. Baada ya alasiri tunakaa mimi, Gora Ndiaye tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, na Stesheni, karani mstaafu wa reli. Mwisho wa benchi pana nafasi. Hapo alikaa Yacine, kiganja juu ya mashine yangu ya kunyolea, akicheka ikimtetemesha.

— Diop, sogea niweke kikombe hapo, Redio alianza juzi.

— Kiweke kichwani mwako. Hapo pana mwenyewe.

— Miaka sita! Nyie akina Diop walafi, hata nafasi ya kukaa mnaila. Wali hauwatoshi?

— Bora sisi. Ndiaye akienda msibani huuliza nyama kwanza, marehemu baadaye.

— Haya, mtani. Lakini masikio ya yule mtoto yaliuawa na wembe wako. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimnyoa sana, anakuwa kiziwi.

— Wembe gani! Stesheni akamkata. Ni honi ya treni. Ililia mtoto akiwa tumboni, masikio yakajaa.

— Treni ya mwisho ilipita hapa Sukeina akiwa bado shule! nikasema.

— Ndiyo hivyo. Haraka haraka haina baraka, Stesheni akajibu.

— Mnapotea wote, Redio akasimama. Sukeina alilala uani mwezi ukiwa mpevu. Tone la mwezi likamwangukia tumboni. Shungi jeupe la mtoto ndio huo mwezi, na mwezi nao, nani aliwahi kuuita ukaitika?

Nilicheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu tone la mwezi halikuwa kosa langu.

Nyuma yetu alisimama mkunga mpya wa zahanati, Bi Sagna, mtu wa Casamance huko kusini, akisubiri kahawa yake.

— Samahani, baba zangu. Shungi hilo alizaliwa nalo?

— Alizaliwa nalo, binti yangu, nikajibu. Nililishika kwa mkono huu.

— Basi si wembe, wala treni. Mimba ikiwa ya wiki tatu, nne, mgongo wa mtoto ni kama kitambaa. Unajikunja, kingo mbili zinakutana.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta! Redio akadakia.

— Unajiziba wenyewe, baba. Ila pale kwenye mshono zinaondoka chembe hai, zinasafiri. Nyingine zinajenga mifupa ya uso, nyingine zinakwenda moyoni, nyingine kwenye utumbo. Nyingine zinatia rangi ngozi na nywele, na za kundi hilo hilo zinaingia ndani ya sikio. Bila hizo sikio halifanyi kazi. Si kila mwenye shungi jeupe ni kiziwi. Lakini tukiliona, tunapima masikio mapema.

— Na za utumbo zisipofika? Mama Dior aliuliza.

— Utumbo unaziba. Mtoto hapati choo, tumbo linavimba.

Mama Dior aliacha kumimina.

— Mwanangu wa kwanza aliondoka hivyo. Siku ya tano. Hata siku ya jina hakufika.

Miaka yote tuliyokunywa kahawa yake hakuwahi kututajia mtoto huyo. Stesheni alivua kofia.

— Abiria waliondoka, hawakufika, alisema, na safari hii hakutia methali.

Bi Sagna akanigeukia.

— Baba Diop, Ijumaa nakwenda Saint-Louis, ambako Mama Dior aliniambia mtoto anasoma, na shule ile ya viziwi naijua. Nimwambie nini mjukuu wako?

— Mwambie nafasi yake ipo.

— Nitamwambia. Jina lake la mikono ni lipi? Viziwi huitana kwa ishara.

— Silijui, nikakiri. Kwenye benchi hili tulimwita kwa kukanyaga ubao hadi atetemeke ageuke. Mama Dior aliinamisha birika lake, likatoa matone mawili, basi.

Nimeamua kwenda na Bi Sagna Ijumaa, akinikubalia. Leo ni Jumatano. Wewe unayenisoma, kama unajua lugha ya mikono, pita kibandani kwangu kesho, unifundishe kusema “nisamehe”.