Chupa Moja na Nusu Iliyobaki

Benchi la kona ile lina miguu mitatu na rundo la matofali, na kila Jumamosi asubuhi hubeba watu wengi kuliko uwezo wake. Mama Birika huuza kahawa upande wa kivuli. Meja, mlinzi mstaafu ambaye hajawahi kuwa meja, hukaa mwanzoni mwa benchi. Antena, fundi redio, hukaa ubavuni mwake ili ampinge kwa karibu. Jumamosi hii walipata tamasha la bure. Mwenzao fundi cherehani, waliyempa jina la Sentimita, alikuwa amelala chini ya gari lake kuukuu, hatua tano kutoka benchini, akimwaga maji ya rejeta. Wiki iliyopita gari lilichemka katikati ya mlima wa kwenda kwa dada wa mkewe. Mkewe akavua viatu, akamalizia kwa miguu, na nduguze wote wako barazani wanatazama. “Nitalipanda mara moja tu tena,” alimwambia. “Likichemka, tunaliuza.” Safari yenyewe ilikuwa leo, saa nane mchana.

Maji yalitoka na rangi ya chai iliyolala. Sentimita aliyakinga kwa beseni, kisha akayamimina kwenye chupa za lita moja, akihesabu.

— Unaupima uchafu? Meja aliuliza. Unataka kuushonea suruali?

— Tano kamili, Sentimita alijibu, akakaza vizibo paka wasije wakayalamba.

Akajaza maji safi, akawasha injini na hita mpaka ikapata moto, akazima, akaiacha ipoe, akamwaga. Mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Muda wote huo benchi nalo lilikuwa kazini, likizijadili chupa tano za kulanti, maji ya dawa ya kupozea injini, alizonunua.

— Hiyo kulanti ni kulidekeza, Meja alisema. Gari ni kama ngamia. Lizoeze kiu.

— Kiu gani, mzee, Antena alidakia. Tatizo ni rangi. Kanunua ya kijani na gari lake jekundu. Zinakataana.

— Rangi ya bodi inafikaje kwenye maji?

— Kwa joto. Joto linapitisha kila kitu.

— Mnasumbuka bure, Mama Birika alisema huku akimimina. Gari limeuogopa mlima. Lipande kinyumenyume, lisiuone.

Meja alilitafakari hilo kwa uzito, akaona lina maana.

Sentimita alianza kumimina kulanti mpya, ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa. Chupa tatu na nusu, ikafika mdomoni.

— Limejaa, walisema wote watatu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikubaliana.

Yeye aliitazama chupa moja na nusu iliyobaki.

— Zimetoka tano, zimeingia tatu na nusu.

— Limeshiba, jamani, Meja alisema. Mwache kiumbe.

— Meja, ukiniletea mita tano nikakushonea tatu na nusu, hutaniuliza nyingine iko wapi?

— Nitakushtaki.

— Basi. Humo ndani kuna hewa imekalia nafasi ya maji.

Aliinua pua ya gari kwa jeki mpaka mdomo wa rejeta ukawa juu kuliko yote, akafungua hita mpaka mwisho, akaacha kifuniko wazi, akawasha injini. Akaminya mpira wa juu wa rejeta, akaachia, akaminya. Gari likacheua, tena kwa sauti. Maji yakashuka. Akaongeza. Likacheua tena, akaongeza, hadi chupa ya mwisho ikabaki tupu na hita ikaanza kupuliza moto. Benchi zima lilirefusha shingo. Hata Antena alisahau kikombe chake hewani.

Saa nane mkewe aliingia garini amevaa ndala, viatu vya kutokea vikiwa mapajani, tayari kwa lolote. Mlimani hakuitazama njia, aliitazama sindano ya joto. Ilifika katikati, ikatulia. Walipopita mahali walipokwama wiki iliyopita, alivua ndala taratibu, akavaa viatu vyake. Sentimita alipiga honi hadi barazani kwa shemeji zake.

Jioni waliporudi, benchi lilikuwa limeshajigawia ushindi.

— Nilisema lizoee kiu, Meja alianza.

— Rangi zimepatana, Antena alisema.

— Si mlipanda kinyumenyume? aliuliza Mama Birika.

Mkewe alishuka, akawasalimu mmoja mmoja kwa heshima.

— Shemeji zangu, naomba kuuliza. Hapa benchini, mwingine mwenye gari ni nani?

Meja alikohoa. Antena aliangalia nyaya za umeme. Mama Birika akatikisa birika lililokuwa tupu.

Sentimita alizunguka upande wa pili, akafungua mlango wa nyuma kwa mapana yake yote.

— Ingieni, alisema. Tunapanda mlima tena.