Jani Ambalo Elvire Hakulitaja

Sogeeni, wanangu, musikie sauti ingali na mwenyewe. Marcellin, kaa hapo. Elvire, mukamwana wangu, we njoo karibu na kichwa changu.

Uzio wa mubirizi, ule muti wa majani machungu, ndio uliwalea hapa Buterere. Barabara zilipofungwa, majani yake ndiyo yaliosha vidonda vya mutaa muzima na kushusha homa zenu. Baba yenu mwenyewe alizaliwa mama yake akinywa maji ya majani hayo, ndiyo akaitwa Mubirizi.

Marcellin, nakusema mbele ya muke wako, maana nawe ulimusema mbele za watu. Uliwaleta watu wa labo wapime kama jani langu linaua vijidudu, kama linazuia mwili kuchakaa kwa kile wanachoita kutu yake. Mi nilikuwa kitandani, ukamuuliza Elvire ni lipi. Muke aliyelelewa hataji jina la baba mukwe, hata likiwa jina la muti, akasema tu, "Ni lile chungu." Nawe, uliyekulia mu uzio huo, ukachuma majani ya nyanya chungu zilizoota kati ya uzio, hizi tunazopika na ndagala! Labo walipima walichopewa, siwalaumu. Jibu lilipokuja kwamba jani halina nguvu, ukaniita muongo, ukashika panga, ukafyeka uzio, Elvire akikushika shati na kulia. Ulipojua ukweli, kosa ukamutwika yeye. Maji yakimwagika hayazoleki. Imeniuma, na ninakufa ikiniuma; sitakudanganya eti nimesamehe.

Kiwanja ni chako, ndiyo desturi. Lakini lile shina moja lililochipua nyuma ya choo ni la Elvire, usiliguse. Labo wakirudi, ni yeye atachuma.

Elvire, heshima yako niliifurahia miaka yote. Leo naiondoa, mi mujane wa baba mukwe wako. Jina likibaki kinywani mwangu litazikwa na mi, na wajukuu wataoshwa vidonda kwa majani ya mboga. Litaje. Apana, usilie... kwa sauti, mume wako asikie.

Mubirizi. Ndiyo, umelitaja. Vema, mutoto wangu.

Munizike bila matanga marefu... nimechoka na maneno ya watu. Elvire, Mungu abariki mukono wako... kila unachopanda kishike, na unayemuosha apone...

Marcellin, sema amina.

Nangoja...

Sikusikia.