Jani la Zambarau katika Mkeka wa Bi Rahila

Kijiwe chetu cha kijijini Ole kinaitwa Mizani, kwa kuwa zamani mizani ya karafuu ilisimama hapo. Siku hizi yanayopimwa ni maneno tu. Benchi ni mbao mbili juu ya matofali, linatosha watu watatu na nusu. Ile nusu ni Jaribu, muuza kahawa, anayekaa ukingoni ili asiliache mbali birika lake. Katikati hukaa Haroub, karani mstaafu wa mahakama, tunayemwita Hukumu. Pembeni yake ni Mabruki, fundi wa pikipiki, tunayemwita Injini. Mimi nimesomesha hesabu miaka thelathini na moja, basi naitwa Mwalimu. Siku ninayoisimulia nilifika saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri, na mkeka begani. Niliutandika juani mbele yao na kutoa simu.

— Wahama, Mwalimu? aliuliza Injini.

— Naupiga picha. Shadya anautaka.

Shadya ni binti yangu. Yuko Japani mwaka wa pili, anasomea kompyuta. Mkeka ni wa mama yake, Rahila, aliyefariki miezi saba iliyopita. Kwa kuwa waliniuliza, niliwasikilizisha ujumbe wake wa sauti.

“Baba, shikamoo. Nimeingia katika kundi la wasanii wa huku. Hawashiki brashi. Wanaandika programu, yaani kanuni na amri, na kompyuta ndiyo inayochora. Kanuni ni moja, lakini kila ukiiwasha hutoka picha nyengine, kwa sababu ndani yake wameacha mahali pa bahati nasibu. Mimi nimeandika kanuni ya mikeka ya mama. Rangi nimezipata, hesabu ya ukili nimeipata. Limebaki lile jani la zambarau. Kila mkeka wake una jani moja la zambarau pasipo pake. Wenzangu wanasema niliachie bahati nasibu. Nami sitaki. Niambie, baba, lile lilikuwa kosa au kusudi? Kazi za kundi zinapokewa mwisho leo saa kumi na mbili jioni ya huko.”

Wote watatu waliinama juu ya mkeka. Katika ukili wa nne kutoka kushoto, yaani ukanda wa nne uliosukwa, baina ya nyekundu na nyeusi, jani moja la ukindu lenye rangi ya zambarau lilichungulia, kisha likapotea.

— Subiri, alisema Jaribu. Huyo msanii aandika amri, kisha akaa?

— Akaa.

— Na mashine yachora?

— Yachora.

— Basi mimi ni msanii tangu zamani. Kila asubuhi namwamrisha mke wangu achote maji, nami nakaa.

— Na kila siku yatoka picha nyengine, alisema Injini. Juzi uliporomoshewa matusi mpaka huku tukayasikia.

Niliwaeleza alivyonieleza Shadya siku za nyuma. Yuko bibi mmoja wa Kijapani katika kundi lao anayeandika kanuni ya kuchora mstari ulionyooka, kisha anaongeza amri ya pili ya kuutetemesha kidogo, ili mstari ufanane na uliochorwa na mkono wa mtu.

— Yaani mashine yajua kunyoosha, naye aifunza kutetemeka? Injini alipiga paja. Yakhe, babangu alitetemeka miaka kumi, na hapana aliyemwita msanii! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Methali hiyo haiingii hapo, nilisema.

— Itaingia, iache kwanza ipoe.

Hukumu alikohoa. Akikohoa, huwa shauri limefunguliwa.

— Suala lililo mbele yetu ni moja tu. Kosa au kusudi? Mimi nasema kusudi. Hiyo ni saini. Mikeka hii ikenda matangani huchanganyika na ya watu, kila mtu akachukua mzuri akaacha wake. Bi Rahila alitia alama ili aweze kuthibitisha umiliki. Kidhibiti namba moja.

Maneno hayo yalikuwa na akili, na hilo likatutia wasiwasi.

— Hapana, alisema Injini. Ni nafasi ya kupumulia. Pikipiki ukiikaza kila nati mpaka mwisho, yanata. Lazima pawe na ulegevu mahali. Na mkeka vivyo hivyo. Bila lile jani, ungenata.

— Mkeka unate na nini, Injini?

— Na sakafu.

— Mie naona ni kinga ya hasidi, alisema Jaribu akinimiminia kikombe. Mtu mwenye jicho baya aingia ndani, auona mkeka, ataka kuuhusudu. Jicho lakimbilia lile jani, lasema, ‘Aa, kumbe una ila,’ lapoa. Mkeka wasalimika.

— Na anayekaa juu ya mkeka?

— Huyo ajisomee mwenyewe.

Niliwaambia ukweli, kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda. Baada ya arubaini niliitoa mikeka yote kumi na mmoja iliyobaki nyumbani, nikahesabu. Jani lipo katika kila mmoja. Katika mmoja liko ukili wa nne, katika mwengine wa tisa, mwengine wa pili. Niliziandika namba hizo katika daftari na kuzitafutia mpango kwa majuma matatu. Sikuupata.

Hapo nilifanya makosa. Si vizuri kuwapa watu wa Mizani namba.

— Nne, tisa, mbili! Injini alisimama. Mwalimu, hiyo ni programu! Bi Rahila alikuwa akiandika programu kabla ya hao Wajapani! Ukiipanga mikeka yote kumi na mmoja kwa utaratibu wake, yale majani yatakuwa njia!

— Njia ya kwenda wapi?

— Pujini. Kwenye magofu. Hazina!

— Kama ni hazina, alisema Hukumu, itakuwa mali ya Serikali, na sisi ni mashahidi tu. Naomba iandikwe kwamba mimi sikutaja jembe.

— Sasa nimefahamu! Jaribu aliliweka birika chini, jambo asilolifanya ila kwa neno zito. Ndo mana Mjapani kampeleka Shadya kusoma. Japani kumejaa watoto. Wangemtakia nini mtoto wa Ole? Wataka ramani! Mwalimu, futa hizo picha.

— Nimeshazipeleka mbili.

— Ya Rabi. Tumeshauzwa.

— Basi tuseme ni kosa, alisema Injini, tuwapoteze njia. Mwandikie Shadya: kosa. Kwani kosa ni kitu gani? Wahenga walisema, kosa moja haliachi mke.

Injini alinitazama, akaona alichokisema na aliyemwambia.

— Samahani, Mwalimu. Hiyo nayo haikuingia.

— Imeingia kidogo, nilisema.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mwanamke mtu mzima alikuja akipita na mzigo wa ukindu kichwani, akauona mkeka, akasimama. Hatukuwa tukimjua. Alisalimu, tukaitikia kwa pamoja, na Jaribu akajifunga vifungo vya shati.

— Kazija, wa Kojani, alisema. Nangoja gari. Nani kasuka huu?

— Mke wangu, nilisema. Amekwisha fariki.

— Mungu amrehemu. Mkono wake mzuri.

— Bi Kazija, alisema Hukumu, umekuja wakati muafaka. Hebu tusaidie kama shahidi mtaalamu. Jani hilo la zambarau, ni kosa au kusudi?

Alitua mzigo, akachutama, akaugeuza mkeka upande wa chini. Alilifuata lile jani kwa ukucha mpaka lilipoishia.

— Kuteleza siko. Kalichomeka, akalifunga, akendelea.

— Kusudi! alisema Hukumu.

— Kusudi la nini, ndo sijui. Miye husuka neno langu. Kila mtu na mwenziwe wa kumwambia. Alinigeukia. Alipokuwa akisuka, kwani nyie mlikuwa mmekaa wapi?

Aliuliza kwa wema, kama mtu anavyouliza kisima kiko upande gani. Mkeka wa pima mbili husukwa miezi. Rahila alisuka jioni, baada ya alasiri, mpaka magharibi, na alifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Injini alimtazama Hukumu. Hukumu alizitazama mbao alizozikalia. Jaribu aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa matone mawili na mashapo.

— Kahawa imekwisha, bibi. Utusamehe.

— Si neno. Gari lile lanijia.

Akaondoka na ukindu wake. Zilibaki dakika kumi na tatu kufika saa kumi na mbili. Niliandika taratibu, kwa kuwa kidole changu kimoja ndicho kinachojua simu.

“Shadya, ni kusudi. Liweke, wala usiliachie bahati nasibu. Ukili gani, chagua wewe, kwani wewe ulikuwa ukikaa naye, ukimshikia ncha. Sababu yake mimi siijui. Sikuwahi kumuuliza. Saa zile nilikuwa kijiweni.”

Injini aliyasoma juu ya bega langu, na sikumkataza.

— Usijitie hatiani peke yako, Mwalimu. Tutaje na sie.

— Jina langu kamili, alisema Hukumu, bila la utani.

Nikaongeza: “Pamoja na Haroub, Mabruki na Jaribu.” Nikautuma. Jaribu aliukunja mkeka, akaukunja vibaya, na Hukumu akaukunja upya. Kisha sote wanne tukaondoka mapema kuliko siku zote, kila mtu kwake. Injini, ambaye mke wake husuka makawa ya kufunikia chakula, alitangulia, akitembea upesi kidogo.