Barabara Haina Kufuli

Nje ya kituo cha majani chai, upande wa Mogogosiek, kuna benchi la mbao za bluugamu ambalo wakulima hukalia wakingoja lori la kiwanda. Lori hufika linapopenda, kwa sababu ya matope. Ajabu ni kwamba sisi tunaochuma chai hunywa kahawa hapo. Ratemo, tuliyempa jina la Debe, huleta buni kutoka kwao Kisii, huichemsha kwenye debe jeusi, na kutugawia kwa vikombe vitatu tunavyopokezana. Alhamisi ile ya Agosti, mwaka wa 1971, benchi lilijaa hasira. Jumanne, saa tisa mchana, mvua ya mawe ilikuwa imeshuka na kuchana michai ya bonde zima. Saa tisa hiyo hiyo, kwenye uwanja wa shule, Mwalimu Nyamoita alikuwa akipuliza firimbi, maana alikuwa amewakusanya watoto arobaini katika kambi ya michezo ya likizo. Sasa mzee Johana, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa na kufuli jipya mfukoni, na alitaka tumwambie kama alifunge lango la uwanja au asilifunge. Mimi hufundisha darasa la tatu katika shule hiyo. Nilikaa mwisho wa benchi, karibu na moto.

Aliyeanza ni Kiptanui. Tunamwita Mizani, kwa sababu hajawahi kukubali kilo anazosomewa na karani.

– Mwenyekiti, funga. Si uliona mwenyewe? Alipuliza mara ya kwanza, wingu likaja. Mara ya pili, likasimama. Mara ya tatu, mawe! Kama mayai ya njiwa!

– Uliyahesabu hayo mapulizo? nikamuuliza.

– Mwalimu, mimi nilikuwa chini ya meza. Lakini masikio yalikuwa nje.

– Hata Kisii mawe huanguka, akasema Debe akikoroga. Na hatuna kambi wala firimbi.

– Nyinyi mna kengele za kanisa, Debe. Ni ukoo mmoja. Sikiliza. Kule kwenye mashamba makubwa kampuni hurusha roketi kufukuza mvua ya mawe. Si ndio?

– Ndio.

– Kwa nini roketi inafukuza?

– Kwa sababu ina mlio.

– Basi! Mlio mkubwa unafukuza, mlio mdogo unaita. Mbwa ukimpigia kelele anakimbia, ukimpigia mluzi anakuja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kila mtu akawa anatafuta mvungu uliingiaje. Makori akavuta redio yake ndogo karibu. Ndiye peke yake aliyekuwa na redio kwenye kilima chetu, kwa hiyo jina lake ni Redio, na habari zote ni zake hata zile ambazo hazijatangazwa.

– Firimbi ni jambo dogo, akasema. Shida ni ile chokaa. Huyo mama amechora miduara myeupe kwenye nyasi. Ukiwa juu, unaona nini? Shabaha! Wingu nalo lina macho. Linaona duara, linalenga.

– Mbona lilikosa duara likapiga chai yangu? akauliza Johana.

– Mwenyekiti, hata askari hukosa.

Debe alicheka mpaka kahawa ikamwagika motoni. Redio hakucheka.

– Tena kuna jingine zito. Mtu huzaliwa na mbio zake, kama kibiriti na njiti zake. Ukiwasha zote ukiwa na miaka tisa, utakimbia na nini ukiwa ishirini? Wale waliotuletea medali kutoka Meksiko, mnadhani walichezeshwa kambini? Walitunza njiti!

– Walikimbia kwenda shule kila asubuhi, nikasema.

– Hizo zilikuwa za lazima. Hazihesabiwi.

– Na haraka haraka haina baraka, akaongeza Mizani. Imeandikwa.

– Imeandikwa wapi? akauliza Johana, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi mchezo na maandiko.

– Kwenye kanga ya mke wangu.

Nikaona afadhali niwaeleze kinachofanyika huko uwanjani, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwenda kutazama. Niliwaambia kwamba mchezo wanaoupenda watoto zaidi unaitwa majani mawili na chipukizi. Wakubwa wawili, ndio majani, wanamweka mdogo katikati, wanashikana mikono, wanakimbia. Hakuna ushindi mpaka yule mdogo afike. Mkimwachia mkono njiani, mnarudi mwanzo. Mtoto ambaye mwezi wa tano alikuwa akisinzia mezani kwangu, sasa hufika uwanjani kabla ya mwalimu.

– Hiyo ni chuma-chai yetu! akasema Mizani, kama aliyeibiwa.

– Ndiyo. Aliitoa kwenu.

– Basi waichezee shambani, na vikapu mgongoni. Samaki mkunje angali mbichi, Mwalimu. Kikapu kinamkunja mtoto vizuri kabisa. Mimi leo nimemzuia msichana wangu. Nimemwambia, likizo ni ya chai.

Wakati huo Mwalimu Nyamoita alikuwa akipanda njia, kwa sababu Johana alikuwa amemtumia habari aje. Ni mama mfupi, aliyehamia kwetu kutoka Nyamira pamoja na mume wake. Vidole vyake vilikuwa vimekolea weusi wa majani kama vyetu, maana asubuhi yeye pia alikuwa amechuma. Firimbi ilining'inia kifuani kwa kamba ya katani.

– Chamgei, wazee.

– Chamgei mising, tukamwitikia.

Johana akasafisha koo.

– Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Lakini watu wanalalamika. Ile mvua ya Jumanne... Sasa tunasema, labda usimamishe hiyo kambi. Au uifanye asubuhi, mawingu yakiwa bado yamelala.

– Asubuhi niliwaachia nyinyi, Mzee. Watoto wanachuma mpaka saa sita. Niliomba saa nane mpaka saa kumi tu. Mvua ya mawe ya hapa hushuka saa ngapi siku zote, hata kabla sijaja?

– Mchana, akajibu Debe.

– Debe, wewe pika kahawa! akafoka Mizani.

– Mzee Kiptanui, nimesikia mfano wako wa samaki nikiwa kule chini. Binti yako si samaki. Ana miaka kumi, na anapotembea bila kikapu bado ameinama. Nilimwona mwezi wa nne akishika kiuno kama bibi yangu. Nilimuuliza, unacheza nini nyumbani? Akaniambia, Mwalimu, mimi ni mkubwa, sichezi tena. Miaka kumi! Hapo ndipo nilipokwenda kuomba uwanja.

Mizani akatazama viatu vyake.

– Na firimbi? akauliza Redio kwa sauti ndogo.

Nyamoita alisogea hatua moja. Aliishika firimbi, akaitia mdomoni, akaipuliza hapo hapo mbele ya benchi, mara tatu, kwa pumzi yake yote. Mizani alifunika kichwa kwa kikapu. Redio alikumbatia redio yake. Johana, mzee wa kanisa, alitazama juu, na mimi ninayejua jiografia nilitazama juu pia. Wingu lilikuwa mbali, upande wa Roret, likiendelea na safari zake.

– Linakuja? akauliza Nyamoita.

Akaiachia firimbi ikaanguka kifuani.

– Basi fungeni lango, Mzee Johana. Kufuli ni lenu, uwanja ni wa kamati. Lakini barabara haina kufuli. Watoto wananingoja pale chini, na saa nane imefika. Mkija na kufuli la barabara, nitawapeleka mtoni. Mkiufunga mto, tutakimbia hapo hapo tuliposimama.

Akageuka akashuka. Hakuaga, na kwa mtu mpole kama yeye hilo lilituuma zaidi ya maneno.

– Ana kichwa kigumu, akasema Redio.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mizani. Safari hii methali ilikaa mahali pake, lakini alikuwa ameisema kwa hasira, kwa hiyo hakujua.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Miguu mitupu kwenye matope ina sauti yake, na watoto wakicheka huku wakikimbia wana yao. Wakatokea kwenye kona watatu watatu, wameshikana mikono, matope mpaka masikioni. Mdogo mmoja aliteleza, na wakubwa wake wakamwinua bila kumwachia. Johana akasogea mbele kidogo kwenye benchi.

Wa mwisho walikuwa wawili tu. Nyanchoka, binti wa Debe, msichana mrefu, alikuwa upande wa kushoto. Aliyemshika mkono alikuwa Chemutai wa miaka sita, mjukuu wa Johana, na mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Walisimama mbele yetu. Chemutai alihema, akamtazama babu yake.

– Kugo, jani langu lingine limezuiwa shambani. Mwalimu anasema bila majani mawili hatuhesabiwi. Nani atakuwa jani langu?

Johana akamtazama Mizani. Mizani akatazama ndani ya kikombe. Redio akafungua redio, ikakoroma, akaifunga. Debe aliinamisha debe lake juu ya kikombe. Kilitoka kijiko kimoja cha masimbi ya kahawa, kisha basi.

– Kugo, wenzetu wanafika, akasema Chemutai.

Johana akasimama. Kufuli lilimgonga paja, akalitoa mfukoni na kuliweka juu ya benchi. Akavua koti akanipa mimi. Halafu akashika ule mkono mtupu, na wakaondoka, gambuti zake zikipiga makofi barabarani, Nyanchoka akimpigia kelele: "Mzee, usimvute! Mdogo ndiye anayefika!"

Mizani alikaa kidogo. Kisha aliinuka akaenda hadi ukingo wa njia, akaliita jina la binti yake kuelekea shambani, mara mbili, kwa sauti ambayo hata wingu la Roret lilisikia.

Lori lilipofika, karani aliona kufuli kwenye benchi tupu akauliza ni la nani.

– Hilo? akasema Mizani. Halina lango.